Damu ni Shahidi

Hotuba kwa Waislamu wa Rusizi juu ya vipimo vya damu na maana yake



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu na kumtilia mwilini mwake mambo ayaonayo na mambo asiyoyaona. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya haya.

Enyi ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake, wa Kamembe, wa Bugarama, na wa vilima vyote vya nchi hii ambayo wazee wameizoea kwa jina la Cyangugu: makusudi ya hotuba hii ni kueleza jambo ambalo karibu kila nyumba imekwisha kukutana nalo, walakini ni wachache walioelezwa maana yake. Jambo lenyewe ni kupimwa damu. Mtu huugua, akaenda kituo cha afya, akatolewa damu, akangoja barazani, kisha akapewa karatasi yenye herufi na tarakimu. Mmoja huifurahia karatasi ile bila ya kujua imesema nini. Wa pili huiogopa bila ya kujua imesema nini. Wa tatu huificha chini ya godoro ili mkewe asiione. Wa nne huenda nayo moja kwa moja dukani, akanunua dawa kwa rai ya jirani. Wote wanne wameletewa shahidi, wala hapana hata mmoja wao aliyemsikiliza.

Neno shahidi limechaguliwa kwa makusudi. Shahidi si kadhi. Shahidi husema alichokiona, mahali alipokuwapo, na wakati ule aliokuwapo, basi. Kadhi ndiye anayewasikiliza mashahidi wote, akauliza, akalinganisha, ndipo akahukumu. Damu iliyomo katika kichupa ni shahidi. Na tabibu aliyemtazama mgonjwa, akamwuliza habari zake, akampapasa tumbo na kumtazama macho, huyo ndiye aliyekaa mahali pa kadhi. Kumkataa shahidi kwa sababu ya hofu ni kosa. Na kumfanya shahidi kuwa kadhi ni kosa vile vile. Yote yatakayofuata yamo ndani ya maneno haya mawili.

Kwanza na iondolewe hofu ya kutolewa damu. Katika siku za ukoloni habari za mumiani zilienea Afrika Mashariki yote. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam watu walinong'onezana kwamba wazimamoto huwakamata watu usiku wakawatoa damu. Na huko Katanga, upande wa Kongo, palikuwa na maneno yanayofanana na hayo. Hayakuwa kweli, lakini yalikuwa na chanzo. Watu walitawaliwa na wageni waliowachoma sindano na kuwapima bila ya kuwaeleza lolote, na mahali pasipo na maelezo, hofu hujitungia maelezo yake. Hata leo wako wasemao kwamba damu ya kupimwa huenda kuuzwa. Basi na wapige hesabu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Kichupa kimoja cha maabara huchukua kama mililita 4, nayo haijazi hata kijiko kimoja cha chai. Vichupa vitatu havifiki kijiko kikubwa kimoja, na mwili hurudisha kiasi hicho bila ya mtu kujua. Vifuniko vya vichupa navyo vina rangi mbalimbali kwa sababu ndani yake mna dawa mbalimbali. Cha zambarau kina dawa ya kuizuia damu isigande, ili chembe zake zihesabiwe. Cha kijivu huihifadhi sukari isipungue njiani. Na cha chekundu huachwa damu igande, ili maji yake yapimwe.

Wako pia waulizao habari ya ibada. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, damu itokayo mkononi haibatilishi udhu. Hutosha kuosha mahali palipotapakaa. Ama mwenye saumu, jamhuri ya wanazuoni wameona kwamba kutolewa damu kidogo ya kupimwa hakumfunguzi, wakitegemea Hadithi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari, iliyopokewa na Ibn Abbas, kwamba Mtume (s.a.w.) alipigwa chuku hali amefunga. Wako waliohitilafiana katika chuku yenyewe, na mwenye kuchelea udhaifu huweza kupimwa baada ya magharibi. Lakini mgonjwa asiache kwenda hospitali mwezi mzima kwa kudhani kwamba sindano ya kipimo itamharibia saumu yake.

Wala isidhaniwe kwamba elimu ya damu ni ngeni kwa Waislamu. Tabibu Ibn al-Nafis, mwenyeji wa Sham aliyefanya kazi Cairo na kufariki mwaka 1288, ndiye wa kwanza ajulikanaye kuandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, ikapita mapafuni, ndipo ikarudi upande wa kushoto. Mwingereza William Harvey alieleza mzunguko mzima wa damu mwaka 1628, na Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliziona chembe nyekundu kwa hadubini mwaka 1674. Elimu hii imejengwa na mikono mingi, tofali juu ya tofali.

Sasa na waitwe mashahidi mmoja mmoja.

Shahidi wa kwanza, ajulikanaye kuliko wote, ni kipimo cha malaria. Mwaka 1880, katika mji wa Constantine, nchi ya Algeria, tabibu wa jeshi la Kifaransa aitwaye Alphonse Laveran alitazama damu ya askari mwenye homa, akaona ndani yake viumbe vidogo vikichezacheza. Hao ndio vijidudu vya malaria. Mpaka leo mtu wa maabara hufanya karibu yale yale: hutia tone la damu juu ya kioo, akalipaka rangi, akatazama kwa hadubini, na akiwaona vijidudu huwahesabu. Kipimo kingine ni kile cha haraka chenye mistari, ambacho hata washauri wa afya wa vijijini, abajyanama b'ubuzima, hukitumia kwa tone la kidole. Kipimo hiki ni neema kubwa, khasa kwa watu wa bonde la Bugarama, lenye joto na mashamba ya mpunga. Lakini lina jambo moja linalowapoteza watu. Vipimo vingi vya namna hii haviwaoni vijidudu wenyewe. Huona mabaki yao, na mabaki hayo huweza kukaa katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dawa akapimwa tena kwa mstari siku chache baadaye, akaonekana bado anao, asikimbilie kunywa dawa mara ya pili. Na aende akatazamwe kwa hadubini. Shahidi hakusema uwongo. Ameona nyayo, akasema kuna mtu aliyepita.

Karibu na huyo yuko shahidi ambaye ushahidi wake umewagharimu watu fedha nyingi. Ni kipimo cha homa ya matumbo kiitwacho Widal, kilichoanzishwa mwaka 1896. Hiki hakitafuti kidudu chenyewe. Hutafuta askari ambao mwili uliwaandaa kupigana nacho. Askari hao huweza kubaki tangu maradhi ya zamani, au kuandaliwa kwa sababu ya vidudu vingine. Katika nchi ambazo homa hizi ni nyingi, watu wengi walio wazima huweza kuonekana na Widal. Shirika la Afya Duniani halikihesabu kuwa kipimo cha kutegemewa peke yake; kipimo kilicho imara zaidi ni kuiotesha damu katika maabara mpaka kidudu chenyewe kionekane. Basi yule ambaye kila homa yake huambiwa ni homa ya matumbo, na kila mwezi hunywa dawa kali, na amwulize tabibu wake kwa adabu: je, hapana njia nyingine ya kuhakikisha?

Shahidi wa pili ni hesabu kamili ya damu. Katika karatasi hii yako mambo matatu yapasayo kujulikana. La kwanza ni himoglobini, ile rangi nyekundu ichukuayo hewa kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka: mwanamume akiwa chini ya gramu 13 katika desilita moja ya damu, mwanamke asiye mja mzito akiwa chini ya 12, na mja mzito akiwa chini ya 11 katika miezi mitatu ya kwanza au ya mwisho, huhesabiwa kuwa wamepungukiwa damu. Mipaka hiyo ni ya watu wa pwani. Maji ya Ziwa Kivu yako kiasi cha mita 1,460 juu ya bahari, na Kamembe iko juu ya ziwa. Hewa huko ni nyepesi zaidi, na mwili hujiongezea himoglobini kidogo ili utosheke. Kwa hiyo mtu wa vilimani mwenye himoglobini iliyo mpakani kabisa huenda kwa hakika amekwisha kupungukiwa. Tabibu hulijua jambo hili; jirani halijui.

Na ifahamike kwamba upungufu wa damu ni alama ya maradhi, si maradhi yenyewe. Huweza kuletwa na malaria, na safura ya minyoo, na chakula kisichokuwa na madini ya chuma, na hedhi nyingi, na uzazi wa karibu karibu, na kidonda cha tumbo kitoacho damu kwa siri, na maradhi ya kurithi yatakayotajwa mbele. Anywaye dawa ya kuongeza damu pasipo kutafuta damu inapotelea wapi ni kama atiaye maji katika mtungi uliotoboka.

Jambo la pili katika karatasi hiyo ni chembe nyeupe, askari wa mwili. Aghalabu huwa kati ya 4,000 na 11,000 katika mikrolita moja. Zikipanda sana, huenda pana uambukizo. Zikishuka sana, pana sababu za kutafutwa. Walakini Waafrika wengi kwa maumbile yao wana chembe nyeupe za namna moja zilizo chache kuliko za Wazungu, na mipaka mingi iliyochapwa katika karatasi ilitokana na kupimwa kwa Wazungu. Mtu mzima asiyeumwa huweza kuandikiwa kuwa yu chini, wala asiwe na maradhi yoyote. Jambo la tatu ni chembe za kugandisha damu, ambazo huwa kati ya 150,000 na 400,000. Malaria huzipunguza mara nyingi, nazo hurudi mtu anapopona.

Shahidi wa tatu ni sukari. Hapa ndipo penye khatari ya kimya, kwa kuwa kisukari huweza kukaa mwilini miaka bila ya kumwuma mtu, na huku kinakula macho, figo na miguu. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula, kikionyesha chini ya miligramu 100 katika desilita moja, ni salama. Kikifika 126 au zaidi, pana kisukari. Na kati ya hapo ni mahali pa kujihadhari. Lakini ikiwa mtu hana dalili yoyote, matabibu hawahukumu kwa kipimo kimoja. Humpima tena siku nyingine. Waislamu hawana haja ya kuelezwa sana hekima ya kutaka mashahidi wawili. Kiko pia kipimo kingine kiitwacho himoglobini ya sukari, ambacho hueleza hali ya sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita, maana chembe nyekundu huishi kama siku 120 na hubeba alama ya sukari iliyozipitia. Huyo hadanganywi na aliyejizuia kula vitamu siku mbili kabla ya kwenda hospitali. Nacho kikiwa 6.5 katika mia au zaidi, ni kisukari. Ila mwenye upungufu wa damu, au mwenye chembe za kurithi, huweza kupotoshwa nacho, na tabibu apaswa kuarifiwa.

Hapa pana tahadhari kwa wasafiri na wafanya biashara. Katika Rwanda sukari aghalabu huandikwa kwa miligramu. Katika nchi nyingine, kama vile Tanzania na Kenya, huandikwa sana kwa milimoli. Mtu hurudi kutoka Dar es Salaam na karatasi iliyoandikwa 7, akasema, "Sukari yangu ni ndogo sana, maana hapa Kamembe wenzangu wana mia." Maskini, hajui kwamba 7 ya huko ni 126 ya hapa. Azidishe kwa 18, atapata hesabu ya hapa.

Na kujizuia kula kwa ajili ya kipimo si saumu. Hutakiwa saa 8 au zaidi pasipo chakula wala chai, lakini maji matupu yanaruhusiwa, na ni vizuri kuyanywa. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mtu aliyekula daku saa kumi alfajiri, akapimwa saa tatu asubuhi, amekaa saa 5 tu tangu ale, ingawa amefunga kwa sheria. Akikaa kimya, kipimo chake kitasomwa vibaya. Na amwambie mpimaji saa aliyokula. Ama mwenye kisukari anayekusudia kufunga, na amwone tabibu kabla ya mwezi kuandama, apimwe, abadilishiwe saa za dawa ikilazimu. Na wakati wa kufunga asiogope kujitoboa kidole. Wataalamu wameagiza kwamba sukari ikishuka chini ya 70, au ikipanda juu ya 300, afungue papo hapo. Sheria imempa mgonjwa ruhusa. Na anayeikataa ruhusa ya Mola wake mpaka akaanguka hajazidisha ibada, amezidisha msiba wa watoto wake.

Shahidi wa nne ni kipimo cha figo, kiitwacho kreatinini. Hiyo ni taka itokanayo na nyama ya mwili, nazo figo huitoa kwa mkojo. Ikizidi katika damu, figo zimelegea. Walakini figo ni wavumilivu mno: huenda nguvu zake zikapotea karibu nusu kabla ya tarakimu hii kupanda wazi. Kwa hiyo mwenye kisukari au shinikizo la damu hapaswi kungoja kuumwa. Na apimwe kila mwaka, pamoja na mkojo. Kwa ini viko vipimo vya namna yake, na muhimu zaidi kwa nchi hizi ni kutafuta virusi vya homa ya ini, B na C. Virusi hivi hukaa miaka vikilichakaza ini, na mwenyewe analima na kuswali kama kawaida. Mwezi wa Desemba 2018 Rwanda ilitangaza mpango wa kuitokomeza homa ya ini ya C, na mamilioni ya watu wakapimwa bure. Homa ya C leo hupona kwa vidonge vya majuma kama 12, kwa zaidi ya watu 95 katika 100. Homa ya B haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini ina dawa ya kuizuia, na ina chanjo kwa ambaye hajaipata. Basi asiyepimwa hujinyima tiba na kinga kwa pamoja.

Shahidi wa tano ni kipimo cha virusi vya ukimwi, ambao hapa wengi huuita sida. Mtu aliyeambukizwa jana hataonekana leo. Huweza kupita muda hata wa miezi mitatu kabla kipimo cha kawaida hakijamwona, na kwa hiyo aliye na shaka hurudia. Tangu mwaka 2016 Rwanda humpa dawa kila anayeonekana na virusi, bila ya kungoja adhoofike. Mwenye kuzinywa sawasawa, mpaka virusi visionekane tena katika damu yake, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Na mama huweza kuzaa mtoto salama. Hukumu ya mauti iliyokuwa ikiogopwa zamani haipo tena kwa mwenye kupima na kutumia dawa. Iliyobaki ni aibu, nayo aibu hutengenezwa na ndimi za watu.

Shahidi wa sita na wa mwisho ni yule asemaye habari za asili ya mtu. Mwaka 1901 Karl Landsteiner, wa Vienna, alitangaza kwamba damu za watu si moja: ziko kundi A, kundi B na O; na AB likajulikana mara baada yake. Ipo pia alama iitwayo Rhesus. Kundi la damu si maradhi wala si tabia. Ni kama jina la ukoo. Faida yake ni kwa mwenye kuhitaji kuongezwa damu, na kwa mama mwenye Rhesus hasi ambaye mumewe ni chanya, maana huhitaji sindano maalumu ili watoto wake wa baadaye wasidhurike.

Lakini katika mambo ya asili, kubwa ni selimundu, maradhi ambayo Bukavu, ng'ambo ya mto, huitwa drepanositozi. Himoglobini hurithiwa sehemu mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye sehemu zote mbili nzima huandikwa AA. Mwenye moja nzima na moja ya selimundu huandikwa AS. Huyu ni mzima, anafanya kazi, na aghalabu hajui. Mwenye zote mbili za selimundu huandikwa SS, naye ndiye mgonjwa: chembe zake hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo, humletea maumivu makali ya mifupa, upungufu wa damu na homa za mara kwa mara. Mwaka 1954 mtaalamu Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwa uchunguzi wake wa Afrika Mashariki kwamba AS humkinga mtoto kwa kiasi fulani na malaria kali. Ndiyo sababu alama hii imedumu katika nchi za mbu.

Basi wakioana AS na AS, katika kila mimba pana sehemu moja katika nne ya mtoto kuwa SS, sehemu mbili kuwa AS, na sehemu moja kuwa AA. Kila mimba ni kura mpya; haikumbuki iliyotangulia.

Hapa, ndugu Waislamu, ndipo pa kutulia na kufikiri. Na achukuliwe mfano wa nyumba moja, kwa kuwa nyumba za namna hiyo si chache. Mtoto wa kwanza amelialia mikono na miguu imevimba, akafa. Wa pili vivyo hivyo. Watu wa upande wa mume wakakutana faragha, wakasema: mwanamke huyu ana mkosi, au amerogwa, au kwao kuna jambo. Mume akashauriwa amwache, akamwacha. Akaoa mwingine, na kama huyo naye ni AS, kilio kikarudi mlangoni pale pale. Hapana aliyewaza kwamba nusu ya maradhi yale ilitoka kwa baba. Mtoto hawezi kuwa SS ila amepokea kwa wazazi wote wawili, sawa kwa sawa. Kipimo kimoja cha damu, kilichofanywa mara moja tu katika maisha, kingalimwondolea mwanamke yule singizio zito. Atakayesimama kesho mbele ya Mola wake akaulizwa kwa nini alimsingizia mja wake, atajibu nini, na shahidi alikuwapo, akakataa kumwita?

Kwa sababu hii Saudi Arabia tangu mwaka 2004 imewalazimisha wachumba kupimwa selimundu kabla ya nikaha kufungwa. Kipimo hakimkatazi mtu kuoa. Humpa khiari macho yake yakiwa wazi. Wengine watatafuta mchumba mwingine. Wengine wataoana wakijua ya mbele, na mtoto wao atatazamwe tangu kuzaliwa, apewe dawa za kumkinga, akue. Yote mawili ni bora kuliko kuoana gizani na kulaumiana kaburini. Wachumba wa siku hizi wamezoea kupimwa virusi vya ukimwi kabla ya ndoa. Basi na waongeze hiki, na wazee wanaopokea posa wawe wa kwanza kukitaja, pasipo haya.

Limebaki neno la namna ya kuisoma karatasi. Pembeni mwa kila tarakimu pameandikwa mipaka. Mipaka hiyo huwekwa kwa kupima watu wazima wengi na kuchukua 95 katika kila 100. Watano waliobaki ni wazima vile vile, ila wameangukia nje. Kwa hiyo apimwaye vitu 20 kwa siku moja, asishangae kimoja kikitoka nje kidogo. Kilichovuka mpaka kwa hatua moja si sawa na kilichovuka kwa maili. Na karatasi moja husema kidogo. Karatasi tatu za miaka mitatu zikiwekwa pamoja husema mengi, kwa sababu huonyesha mtu anakoelekea. Zisitupwe, wala zisifungiwe maandazi. Na mwenye kwenda kupimwa, iwe ni Gihundwe, au Mibilizi, au kituo cha kijijini, amweleze mpimaji dawa anazokunywa, za hospitali na za miti shamba pia, maana hizo nazo huweza kubadilisha ushahidi.

Yapasa yakumbukwe mambo matatu. La kwanza, kila mkuu wa nyumba alipe bima ya mituweli kwa wakati, ili siku ya kupimwa isiwe siku ya kukopa. La pili, karatasi ya mtu ni amana. Aliyeiona kwa bahati, awe mwuguzi, awe ndugu, awe imamu aliyeombwa shauri, haimhalalikii kuitangaza sokoni wala barazani. Wengi huacha kupimwa kwa kuogopa midomo, si kwa kuogopa sindano. La tatu, mume na mke wasifichane. Godoro lililoficha karatasi halimponyi yeyote kati ya wawili walalao juu yake.

Damu ya mwanadamu inajua mambo ambayo ulimi wake haujui. Ipo tayari kuyasema kwa kijiko kimoja kisichojaa. Anayeiuliza mapema huambiwa mambo yenye dawa. Anayengoja mpaka mwili upige kelele, mara nyingi huambiwa yaliyokwisha kupita.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu na wa watu wote, awape subira wenye kuuguza, na aijaalie elimu hii iwe yenye manufaa. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.